Gari Lawaka Asubuhi, Lakataa Adhuhuri

Mwezi wa Oktoba 2022 kiti kimoja darasani mwangu kilikaa kitupu muda wa juma zima. Mwenye kiti hicho alikuwa msichana wa mwaka wa sita wa sekondari, hodari wa hesabu kuliko wavulana wote. Nikauliza, wenzake wakanijibu kwamba amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Jibu hilo lilinishangaza, kwa maana baba yake ni shofere wa teksi mwenye gari lake mwenyewe, wala si mlevi, wala si mvivu. Jioni nikaenda kupiga hodi kwao Katuba, hapa Lubumbashi.

Nilimkuta baba ameketi mbele ya nyumba. Gari lilikuwa kando yake, motere ikinguruma, wala hapakuwa na mtu ndani. Nikamwamkia, nikaketi, nikangoja alizime tupate kusikilizana. Hakulizima.

“Unisamehe, Mwalimu,” akasema kwa sauti kubwa. “Nikilizima sasa, halitawaka mpaka giza liingie, na mimi bado nina safari moja ya Kipushi.”

Ndipo nilipoelezwa habari yote. Gari lile lilitoka Ujapani, usukani wake uko kuume, kama magari mengi yatufikiayo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Asubuhi liliwaka kwa kuguswa ufunguo tu. Lilikwenda Kipushi, mwendo wa kilometa 30 hivi, bila kukohoa hata mara moja. Lakini likizimwa kituoni kwa robo saa, abiria wakajaa, ufunguo ukazungushwa, motere ilizunguka na kuzunguka, isishike. Abiria wakashuka mmoja mmoja, wakadai franga zao, wakapanda gari la nyuma. Baada ya saa moja na nusu gari likawaka kama kwamba halikuwa na neno lolote.

Basi yule bwana alifanya shauri la kutolizima kutwa nzima. Petroli iliyoungua gari likiwa limesimama ilikula faida ya siku, na kilichobaki kililiwa na vipuri. Fundi wa kwanza alimwuzia batri mpya. Wa pili alimwekea pompi mpya ya petroli. Kisha zikaja buji nne, ndizo zile zitoazo cheche. “Ada ya mtoto imo humo,” akaniambia, akionyesha kapo la gari kwa kidevu.

Ugonjwa huu wa kukataa wakati wa joto hauna dawa moja, kwa kuwa hauna sababu moja. Lakini una tabia moja inayowatia watu hasara: hujificha. Fundi huitwa saa sita mchana, hufika saa tisa, gari limekwisha kupoa, lawaka. Hana cha kutazama, naye aona haya kurudi mikono mitupu, basi abahatisha. Mimi sisemi kwamba mafundi wote wa namna hii ni wezi. Wengi ni watu wema wasiokuwa na saburi ya kungoja ugonjwa urudi.

Yafaa kwanza tujue joto lafanya nini ndani ya gari lililozimwa. Watu wengi hudhani kwamba mara ufunguo utolewapo, motere yaanza kupoa. Chuma cha motere ndivyo, lakini vitu vilivyokizunguka sivyo. Gari likienda, pompi huyazungusha maji, feni huvuta hewa, na upepo wa njia hupita chini ya kapo. Maji hushikwa karibu na nyuzi 90. Likizimwa, maji husimama, feni hunyamaza au huzunguka kitambo kidogo tu, na upepo hukoma. Joto lililomo ndani ya chuma na bomba la moshi halina mahali pa kwenda ila kupanda juu na kuingia katika vyombo vya jirani. Mama akiipua sufuria juu ya mbabula na kuifunika papo hapo, kifuniko kilichokuwa baridi chaunguza vidole baada ya kitambo. Ndivyo ilivyo chini ya kapo. Kwa muda wa robo saa, pengine nusu saa, petroli iliyo katika mirija, waya, na vyombo vya umeme huzidi kupata moto, ingawa motere imekwisha kulala.

Kwa hiyo saa ni shahidi wa kwanza. Gari likizimwa na kuwashwa tena baada ya dakika mbili, laitika. Likiachwa dakika 20, lakataa. Likiachwa saa mbili, laitika tena. Mwenye gari aliyeona mambo haya matatu kwa utaratibu huo, na ayaandike katika kijitabu ampelekee fundi, maana yatamfaa kuliko kusema tu, “Gari langu lasumbua.”

Mzee tuliyemwendea afanya kazi chini ya mwembe, si mbali na soko la Kenya. Hana mtambo wa kompyuta, ana mita ya umeme, koleo, masikio mazuri, na neno moja alilotuambia kabla hatujamaliza kumwamkia: “Mniletee gari likiwa gonjwa. Likiwa zima, mimi nitatibu nini?” Akatuamuru twende njia ya Kipushi mpaka motere ipate moto wa kweli, turudi, tulizime pale pale mwembeni, tusifungue kapo. Basi tukaenda adhuhuri ya siku iliyofuata. Wenyeji wa Katanga wajua jua la Oktoba kabla ya mvua kuanza. Tuliporudi, Mzee alitazama saa yake, akaketi, akaanza kutuuliza habari za watoto. Dakika 20 zikapita. Baba wa msichana alikuwa akitoka jasho.

“Zungusha,” akasema Mzee. Motere ikazunguka, isishike. Mzee akacheka kwa furaha, jambo ambalo mwenye gari hakulipenda.

Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya demarere: je, yazungusha kwa mbio ile ile ya asubuhi? Kama yazungusha kwa uzito, au yatoa mlio mmoja wa “tak” na kunyamaza, usiitafute petroli wala cheche. Ugonjwa uko hapo hapo. Demarere nyingi zimefungwa karibu na bomba la moshi. Waya wa shaba ukipata moto hupitisha umeme kwa shida: kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100, ukinzani wake huongezeka karibu theluthi moja. Demarere nzima, yenye waya safi, hulistahimili jambo hilo. Demarere iliyochakaa, au yenye waya ulioota kutu penye batri au pale unaposhikana na chuma cha motere, haistahimili. Kabla ya kununua demarere, safisha maungio ya waya hizo mbili nene na kuyakaza; ni kazi ya nusu saa na karatasi ya msasa.

Mzee aliweka mita juu ya batri. Batri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na wakati wa kuzungusha isishuke chini ya volti 9 na nusu. Yetu haikushuka chini ya 10, na demarere ilikwenda mbio. “Batri haina kosa,” akasema. Mwenye gari akainamisha kichwa, kwa kuwa hiyo ndiyo batri mpya, nayo ile ya zamani pengine haikuwa na kosa pia. Mtu akizungusha motere isiyoshika kwa dakika nyingi, batri huishiwa nguvu. Fundi akija aikuta imechoka, aihukumu. Hapo batri ndiyo iliyoteswa, si mtesaji. Wazee waliotumia manivela hawakupata taabu hiyo, ingawa walipata nyingine: manivela ilivunja mikono ya watu. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyetengeneza demarere ya umeme iliyowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na tangu hapo tumesahau kwamba kuwasha gari kulikuwa kazi ya misuli.

Swali la pili Mzee aliliuliza kwa pua. Alikwenda nyuma ya gari, akainama penye bomba la moshi, akanusa. Harufu kali ya petroli yamaanisha kwamba petroli ni nyingi mno, imezilowesha buji. Pasipo harufu, ama petroli haifiki, ama haitiwi.

Hapa nakumbuka kijana mmoja wa seminari, miaka mingi iliyopita, aliyetumwa mjini na gari kuukuu la kubebea mizigo, lenye karbiratere. Alisimama kununua chumvi, akakaa kidogo katika maongezi, akarudi, gari likakataa. Yule kijana akakanyaga kanyagio la petroli mara kumi, mara ishirini, kama mtu apigaye ngoma. Nasikia haya kusema kijana huyo alikuwa nani. Petroli si maji: sehemu zake nyepesi huanza kuchemka karibu na nyuzi 35 au 40, na zile nzito hungoja mpaka nyuzi 200 hivi. Nasi tukaao penye kimo cha meta 1,200 hivi, ambapo hata maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 97, petroli yetu hupanda kuwa mvuke upesi zaidi kuliko ile ya pwani. Katika karbiratere lenye moto, petroli iliyomo bakulini huchemka na kufurika ndani ya motere. Kila kanyago la yule kijana liliongeza petroli juu ya petroli. Alipaswa kulikanyaga kanyagio taratibu hadi chini, alishike hapo bila kulitikisa, azungushe kwa sekunde nane au kumi, ili hewa nyingi iingie kuikausha motere. Magari mengi ya enjeksio nayo yafuata kanuni hiyo: kanyagio likishikwa chini kabisa wakati wa kuzungusha, kompyuta yao huzuia petroli isiingie.

Ikiwa gari la enjeksio lanuka petroli kila mara likataapo, mshukiwe yule mdogo apimaye joto la maji, ambaye mafundi humwita kapteri ya joto. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama motere ni baridi au la. Motere baridi yataka petroli nyingi, yenye moto yataka kidogo. Kapteri ikidanganya, ikasema adhuhuri kwamba ni alfajiri, kompyuta humwaga petroli isiyotakiwa. Kuipima si vigumu. Katika magari mengi ukinzani wake huwa omu 2,000 hadi 3,000 penye nyuzi 20, na hushuka hadi omu mia mbili tatu hivi penye nyuzi 80. Ikikaa pale pale moto na baridi, imekufa. Bei yake ni ndogo, nami nasikitika nikikumbuka pompi ngapi zimenunuliwa kwa makosa yake.

Na kama hakuna harufu? Jaribu jambo lisilo na gharama. Fungua ufunguo bila kuzungusha, ngoja sekunde tatu, ufunge. Fanya hivyo mara tatu au nne, kisha zungusha. Gari likiitika hapo, maana yake petroli haikushikwa katika mrija wake. Katika magari mengi ya enjeksio pompi husukuma petroli kwa nguvu ya bari tatu hivi, na nguvu hiyo yatakiwa ibaki hata gari likizimwa, kwa maana ndiyo izuiayo petroli isichemke. Mlango mdogo ulio ndani ya pompi ukivuja, au sindano moja ya petroli ikidondosha, nguvu hutoweka na mvuke hukaa mahali pa petroli. Kila ufunguapo ufunguo, pompi husukuma kidogo na kuufukuza mvuke. Kwa magari ya karbiratere, kitambaa chenye maji baridi juu ya pompi na mrija wake hutenda kazi ile ile. Maji yasimwagwe juu ya chuma cha motere wala bomba la moshi, kwa kuwa chuma chenye moto kikipozwa ghafula chaweza kupasuka.

Mzee alijaribu ufunguo mara nne. Gari halikuitika.

Swali la tatu: je, kuna cheche? Alituambia turudi nyuma, akahakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, wala mtu mwenye sigara. Akatwaa buji ya akiba, akaifunga kwenye waya wake, akaikaza juu ya chuma kwa koleo lenye mpini wa mpira. Msifanye haya kwa mkono mtupu: umeme uendao kwenye buji ni wa maelfu mengi ya volti. Akaagiza motere izungushwe. Buji ikabaki kimya. Hakuna cheche hata moja.

“Sasa nitazame ile saa ya mizunguko,” akasema, akaingiza kichwa dirishani motere ikizungushwa. Sindano ya kuhesabu mizunguko ililala sifuri, haikutikisika. Hapo uso wake ukabadilika kama wa mwalimu aonaye hesabu imetoka.

Ndani ya magari ya namna hii mna kapteri nyingine, imefungwa karibu na mhimili mkuu wa motere. Ina waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi juu ya sumaku. Mhimili ukizunguka, meno ya gurudumu lake hupita mbele ya sumaku, na waya hutoa mapigo madogo ya umeme. Kwa mapigo hayo kompyuta hujua kwamba motere yazunguka, na wakati gani itoe cheche. Mapigo yakikosekana, kompyuta huamini kwamba motere imesimama. Katika magari ya namna hiyo haitoi cheche, haifungui sindano za petroli, na katika mengi pia huinyima pompi umeme. Baba wa msichana akashika kiuno. Sasa alielewa kwa nini fundi wa pili, aliposikiliza pompi na kuikuta kimya wakati wa kuzungusha, aliapa kwamba pompi imekufa. Pompi ilikuwa ikingoja amri.

Mzee alichunguza kwanza waya zinazoifikia kapteri, maana ganda lake huliwa na joto na mafuta, na mara nyingi kosa huwa hapo. Zilikuwa nzima. Akachomoa kichwa cha waya, akaweka mita: hakuna kitu, kana kwamba waya umekatika. Akatwaa kopo la maji, akayamimina kidogo kidogo juu ya kapteri peke yake. Tukangoja dakika tano. Akapima tena: mita ikaonyesha omu mia kadhaa, kama inavyotakiwa. Akarudisha kichwa cha waya. “Zungusha.” Gari likawaka.

Unywele ule wa shaba ulikuwa umekatika ndani. Ukipata baridi, ncha zake mbili hugusana. Ukipata moto, vitu vyote huvimba, na ncha huachana. Hakuna jicho liwezalo kuona jambo hilo, na garini saa ya baridi hakuna mita iwezayo kulipima.

Wenye magari ya mazutu wasidhani wameepuka. Kwao hakuna buji za cheche, lakini pompi ya sindano iliyochakaa huwapa taabu ya namna hii: mazutu yakipata moto huwa mepesi, hupenya katika nafasi zilizolika ndani ya pompi, na nguvu ya kufungua sindano haipatikani. Kitambaa cha maji baridi juu ya pompi kikiliamsha gari, habari ndiyo hiyo, nayo si habari njema, kwa kuwa kuitengeneza pompi ya namna hiyo ni gharama. Na awaye yote, wa mazutu au wa petroli, asifungue kifuniko cha radiatere motere ikiwa na moto. Maji yaliyofungwa humo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na kifuniko kikitoka huruka usoni mwa mtu.

Kapteri mpya iligharimu chini ya nusu ya bei ya batri. Mzee alidai ujira mdogo, akakubali ulipwe kwa mara mbili. Buji zilizotolewa zilikuwa bado nzuri, naye akamshauri mwenye gari azitunze.

Siku tatu za kwanza yule bwana aliendelea kuliacha gari lingurume kituoni Kipushi, kwa maana hakusadiki. Siku ya nne mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilalamika juu ya moshi, ndipo alipozima. Aliniambia kwamba alikaa dakika 20 mkono ukiwa juu ya ufunguo, asithubutu kuugusa, mpaka abiria wote walipopanda na mmoja akamwuliza kama amelala. Ada ililipwa kwa mafungu, na fungu la kwanza lilifika kabla ya mwisho wa Novemba. Msichana alikuwa amepoteza majuma matano ya hesabu. Tuliyafidia jioni, sebuleni kwao, gari likiwa nje, kimya.